Kalamu ya Mkono wa Kulia

Siku mwokaji mikate alipomwona Mama Wino kwa mara ya kwanza, hakuuona uso wake. Aliona nyayo mbili, kandambili zilizolika upande mmoja, na kilemba kikihangaika chini ya meza. Kabla hajapiga hodi, sauti ilitoka huko chini ikamwambia asimame hapo hapo alipo, na mguu aliouinua asithubutu kuushusha.

Mtu mwingine angeuliza kuna nini. Mwokaji hakuwa mtu wa kuuliza. Alisimama kizingitini kwa mguu mmoja, mkono ameushika mlango, akangoja. Ilikuwa imeanguka nibu, yaani ile ncha ya chuma ya kalamu ya wino, ndogo kama ukucha wa mtoto, na mwenyewe alikuwa akiipapasa sakafu yote kwa viganja. Robo saa ilipita. Mguu ukafa ganzi. Mara mbili mwokaji alitaka kuomba ruhusa ya kubadilisha mguu, na mara mbili maneno yalifika kwenye meno yakarudi. Mwishowe yule mama akatoka chini ya meza, akapangusa magoti, akajikuna kichwa, na nibu ikadondoka kutoka kwenye kilemba chake ikalia mezani.

"Shusha mguu, shemeji," akasema, kama vile yeye ndiye aliyemwambia mgeni aje na mguu mmoja.

Hicho kilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la kutengeneza baiskeli. Karibu na dirisha palikuwa na cherehani ya zamani ya kukanyaga kwa miguu, ila kichwa chake kilikuwa kimeng'olewa na mahali pake pakafungwa chombo cha kukerezea. Mama Wino akikanyaga, pembe ya ng'ombe inazunguka, naye anaichonga kwa patasi mpaka inakuwa nyembamba kama kidole. Siku za kukereza pembe chumba kilinuka nywele zilizoungua, na fundi baiskeli alifunga dirisha lake, akalaani kwa sauti ya chini, kwa sababu kwa sauti ya juu asingeshinda. Kilichomlisha Mama Wino kilikuwa miavuli iliyovunjika na miwani iliyolegea. Kalamu alizitengeneza kwa sababu ya majivuno tu, tatu au nne kwa mwaka, na kila moja kwa mtu mmoja. Vidole vyake vya mkono wa kulia vilikuwa vya buluu mpaka kwenye kiungo cha pili, na ndiyo maana mtaa mzima ulimwita hivyo.

Wanaume wote aliwaita shemeji. Ukimwita mwanamume kaka, alieleza, atakuletea shida zake. Ukimwita baba, atakuagiza chai. Lakini shemeji hukaa kwa adabu, kwa sababu hajui utakwenda kumwambia nini dada yako.

Mwokaji alieleza haja yake huku akizitazama nyufa za kandambili zake mwenyewe. Binti yake alikuwa anaolewa baada ya wiki saba. Siku hiyo, katika ofisi ya kuandikisha ndoa, baba wa kila upande angeitwa mbele kutia sahihi kwenye kitabu. Na watu wa upande wa bwana harusi walikuwa walimu watupu: baba yake mwalimu mkuu, mama yake mwalimu, shangazi yake mwalimu mstaafu wa darasa la kwanza. Yeye alikuwa ameishia darasa la saba, na mwandiko wake ulikuwa kama nyayo za kuku. Hakuogopa kuchekwa yeye. Kuchekwa alikuwa amekuzoea. Aliogopa binti yake aingie nyumba ile huku wakwe wakikumbuka, kila wanapomwona, jinsi baba yake alivyoandika jina.

Ndipo alipopata wazo. Kulikuwa na karani mmoja aliyenunua mkate kila asubuhi, na siku moja alitoa kalamu ya pembe kuandika anwani. Watu wanne waliinama kuitazama. Walisifu rangi, walisifu kifuniko, wakataka kuishika. Hakuna hata mmoja aliyesoma karani ameandika nini. Basi mwokaji naye alitaka kalamu kama ile, nzuri kiasi kwamba watu waitazame kalamu, wasiutazame mwandiko.

Mama Wino alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo, kama mwokaji alivyokuja kujua baadaye, halikumtokea mara nyingi. Halafu akamsukumia karatasi na kalamu ya majaribio, akamwambia aandike alichokula jana. Hakuruhusu wateja waandike majina yao, kwa kuwa kila mtu akiandika jina lake huwa anajidai.

Mwokaji alikaa. Mkono wa kushoto akauingiza mfukoni. Kwa mkono wa kulia akaandika "chai na mkate", na kazi hiyo ilimchukua muda wa kutosha kunywa hiyo chai. Mama Wino akavaa miwani iliyokuwa inaning'inia kwa kamba, akaitazama karatasi, akaigeuza juu chini, akaitazama tena.

"Shemeji," akasema kwa upole, "mwandiko huu una homa."

Akaupima mkono ule wa kulia kwa uzi: kidole baada ya kidole, akifunga fundo kila mahali palipotakiwa. Akakifinya kiganja. Akashangaa, maana kilikuwa laini kama cha mtu anayelipwa kwa kukaa kitini. Akauliza kama ni unga unaolainisha hivyo. Mwokaji akasema labda ni unga. Mkono wa kushoto ulibaki mfukoni, umetulia kama mtoto aliyejificha nyuma ya pazia.

Jioni hiyo alifanya kosa la kumsimulia mke wake. Alieleza pembe, cherehani, na uzi wa kupimia vidole, na bila kufikiri akataja kwamba fundi anamwita shemeji. Mke wake akaweka upawa chini.

"Shemeji kwa dada yangu yupi?" akauliza. "Kwetu mtoto wa kike ni mimi peke yangu."

Tangu siku hiyo kila akirudi kwa fundi aliulizwa kama leo pia amepimwa vidole. Naye alirudi mara nyingi, kwa sababu kalamu haikuwa tayari. Juma la pili kifuniko kiliingia vizuri lakini kikatoka kwa kelele, na Mama Wino hakutaka kalamu inayopiga kelele kanisani wala msikitini wala benki. Juma la tatu alikuwa anainoa nibu juu ya jiwe, ili iandike nene na kwa utaratibu, imsaidie mgonjwa, maana kwa mkono wenye homa nibu nyembamba ingechana karatasi. Juma la nne hakuna kilichofanyika, kwa sababu mwokaji alikuta chumba kimejaa miavuli, mvua zilikuwa zimeanza, akajikuta ameshikishwa mwavuli mmoja kwa saa nzima huku fundi akiushona na kumsimulia habari za marehemu mume wake, ambaye alikuwa mpiga chapa na hakuwahi kuandika barua bila kuifuta mara tisa. Mwokaji alikwenda kuuliza habari ya kalamu, akarudi nyumbani bila kuuliza, na kipande cha kitambaa cheusi kimenasa kwenye mkono wa shati. Mke wake alikitazama kile kitambaa wakati wote wa chakula.

Siku ya tano ya juma la tano Mama Wino alifika mwenyewe kwenye tanuri. Ilikuwa saa nne asubuhi, wakati wa kuingiza mikate ya pili. Alikuja na mwili wa kalamu umefungwa kwenye leso, ili mteja aushike kidogo kabla hajaung'arisha. Wakandaji walipomwona walimjua kwa vidole, na mmoja akaita kwa nguvu kwamba shemeji amepata mgeni, kwani habari hizo zilikuwa zimefika huko kabla yake. Ni nani aliyezifikisha mwokaji hakutaka kujua.

Yeye wakati huo alikuwa amewapa mgongo watu wote, akichanja mikate. Kabla donge halijaingia motoni ni lazima lipigwe chanjo tatu juu, kwa wembe, upesi, la sivyo mkate unapasuka unakotaka wenyewe. Mwokaji alikuwa na trei ya mikate arobaini mbele yake. Alichanja yote bila kusita na bila kuangalia sana, chanjo tatu, tatu, tatu, zote zimelala upande mmoja, zimepishana kwa nafasi ile ile. Wembe ulikuwa mkono wa kushoto.

Alipogeuka, Mama Wino alikuwa nyuma yake.

"Mkono gani huo?" akauliza.

Mwokaji aliutazama kama kitu alichokiokota njiani. "Wa kushoto, mama."

"Naona ni wa kushoto. Nauliza wiki tano zote hizi ulikuwa wapi?"

"Mfukoni," akasema mwokaji, kwa kuwa ndio ukweli wenyewe.

Wakandaji walicheka mpaka mmoja akalazimika kuegemea gunia. Mama Wino hakucheka. Alimshika mwokaji kiwiko akamtoa nje, kwenye rundo la kuni, na hapo ndipo alipoambiwa jambo ambalo nje ya nyumba ya mwokaji hakuna aliyelijua. Mwokaji alikuwa mashoto tangu kuzaliwa. Darasa la pili mwalimu aliufunga mkono wake wa kushoto kwenye benchi kwa kamba ya viatu, muhula mzima, ili ule wa kulia ujifunze. Wa kulia haukujifunza, ila wa kushoto ulijifunza kujificha. Nyumbani aliandika kwa kushoto, orodha za dukani na majina kwenye madaftari ya watoto, na mke wake alisema mwandiko ule ungemfaa hakimu. Mbele ya watu aliandika kwa kulia. Alikuwa ameishi miaka hamsini kasoro akiamini kwamba mkono wa kushoto ni wa kazi na wa kulia ni wa serikali.

Mama Wino alivuta pumzi kwa pua. Akamwonyesha mwili wa kalamu: pale kwenye kishikio alikuwa amekwangua mbonyeo kidogo wa kidole gumba, kwa kipimo cha mafundo ya uzi. Nibu alikwisha kuinoa kwa mshazari wa mkono wa kulia. Kazi yote ilikuwa ya mkono ambao, kumbe, haumhusu mtu.

"Mimi sitengenezi kalamu ya mkono wa uongo," akasema. "Nitaanza upya. Ya kushoto."

Hapo mwokaji alifanya kitu ambacho hakuwahi kukifanya. Alimbishia mtu. Alimbishia kwa kunong'ona, macho kwenye kuni, lakini alimbishia. Alisema hawezi kuandika kwa kushoto mbele ya walimu watatu. Alisema akisikia tu mwalimu akikohoa, mkono ule unaingia mfukoni wenyewe. Anataka ya kulia, ile ile, na kama hapati ya kulia basi hataki.

Mama Wino akaifunga leso yake. Akamwambia basi akanunue ya plastiki, akaondoka zake bila kuaga, na alipopita mlangoni mkandaji mmoja akamwita shemeji, akatazamwa kwa jicho lililomfanya arudi kwenye unga.

Siku zilizobaki mwokaji alijizoeza kwa mkono wa kulia. Aliandika jina lake kwenye mifuko mitupu ya unga, mchana, wakati wengine wamelala. Mke wake aliikuta mifuko hiyo nyuma ya mlango, jina moja limerudiwa labda mara mia tatu, akasema mtu akiona hivi atadhani mume wake anajitahidi kukumbuka yeye ni nani. Halafu akakaa kando yake na hakumtania tena. Alisema tu kwamba yeye angeandika kwa mkono wowote, hata kwa mguu, mradi binti aolewe. Mwokaji akajibu kwamba si yeye atakayetazamwa.

Asubuhi ya harusi fundi baiskeli alileta kikasha cha miwani. Ndani yake, juu ya pamba, ililala kalamu. Ilikuwa ya rangi mbili, nyeusi na ya asali, na zile rangi ziliingiana kama moshi. Kifuniko kilifunguka bila kelele yoyote. Chini ya pamba palikuwa na kikaratasi: "Ya kulia. Nimekubali. Usinishukuru, bado nina hasira." Mwokaji aliijaribu nyuma ya kadi ya mwaliko. Mwandiko wake ulikuwa bado mgonjwa, lakini homa ilikuwa imeshuka kabisa. Aliipachika mfukoni mwa shati, na kwa mara ya kwanza kwa wiki saba akamaliza chai yake.

Ofisi ya kuandikisha ndoa ilikuwa na mabenchi mawili, meza moja, pangaboi lililozunguka kwa kujivuta, na kitabu kikubwa mbele ya msajili. Maharusi walitia sahihi. Msajili akawaita baba wawili. Mwokaji akaitoa kalamu yake, akaiweka mezani ili apanguse jasho la vidole, na mambo yakaenda kama alivyoyapanga: shingo zote zilinyooka. Mama wa bwana harusi akasema, "Tazama kitu hicho." Mwalimu mkuu akainama, akaichukua, akaigeuza kwenye mwanga.

"Kalamu hii ni ya nani?" akauliza.

Aliuliza kwa wema. Lakini aliuliza kwa sauti ile ya walimu wakuu, sauti inayouliza nani amevunja kioo. Mwokaji alisimama wima, mikono ikashuka ubavuni. Alitaka kusema "yangu". Alilifungua neno hilo mdomoni, akaliona kubwa mno.

"Yako, mwalimu," akasema.

"Yangu?"

"Yako."

Alirudia kwa sababu hakujua namna ya kurudi nyuma. Mwalimu mkuu aliduwaa. Akamwangalia mke wake, akaiangalia kalamu, na macho yake yakalowa kidogo. Akasema katika miaka thelathini ya kazi hakuwahi kupewa zawadi kama hii, tena na mkwe, tena siku kama hii. Akatia sahihi yake papo hapo, yenye mikia mirefu juu na chini, na kalamu ikateleza kama imezaliwa naye. Akaifunga, akaipachika kwenye mfuko wa koti lake, akaupapasa mfuko mara mbili. Mke wa mwokaji alifunga macho.

Msajili akamsogezea mwokaji kalamu ya ofisi. Ilikuwa ya plastiki, imetafunwa nyuma, imefungwa kamba kwenye mguu wa meza ili isiibiwe.

Mwokaji aliishika kwa mkono wa kulia. Akaweka ncha kwenye mstari. Chumba kizima kilikuwa kinatazama, na sasa hapakuwa na pembe wala rangi ya asali ya kuwashughulisha. Kalamu ilikuwa imekwenda, na kilichobaki cha kutazamwa kilikuwa mwandiko. Alilifikiria hilo kwa utaratibu, kama anavyofikiria moto wa tanuri. Kama watautazama mwandiko, basi mwandiko wenyewe ndio uwe mzuri, na mwandiko mzuri uko mkono mmoja tu. Akamtazama binti yake. Akaihamisha kalamu kushoto. Kamba ikamkwama kwenye kifundo cha mkono, ikamlazimu kujipinda. Akaandika majina yake yote matatu bila kusita.

"Kumbe mashoto," akasema shangazi, yule wa darasa la kwanza, kwa sauti iliyozoea kufika benchi la mwisho.

Shangazi akasimama, akavaa miwani, akakiendea kitabu. Majina matatu yalikuwa yamekaa kwenye mstari, yamelala upande mmoja, nafasi ile ile kati yake. Aliyatazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika kuyasoma.

"Nani alikufundisha kuandika hivi?" akauliza.

"Hakuna, mwalimu," akajibu mwokaji. "Mkono huu haukusoma."

Aliyeanza kucheka ni binti, na alicheka mpaka msajili akamwomba asikiegemee kitabu, wino wa baba mkwe ulikuwa haujakauka. Shangazi naye alicheka, akakaa, na baadaye akaonekana akiitazama mikono yake mwenyewe.

Jumatatu mwokaji alikwenda kwa Mama Wino na mkate wa moto kwenye gazeti. Hakujua kwamba anamwona kwa mara ya mwisho. Mwezi uliofuata mdogo wake Mama Wino alikuja na gari, wakapakia cherehani na pembe na miavuli isiyo na wenyewe, mama akahamia naye mji mwingine, na fundi baiskeli, aliyelalamikia harufu miaka yote ile, akawa anaacha dirisha wazi na kusema hewa imekuwa ya kipumbavu.

Jumatatu hiyo mwokaji alimkuta Mama Wino akikanyaga cherehani. Alimsimulia yote, taratibu, na alipofika kwenye sahihi aliuinua mkono wa kushoto kumwonyesha. Mama Wino aliitikia kwa kichwa kama mtu anayekagua kitu kilichong'arishwa vizuri, na hasira ikamtoka usoni. Kisha akauliza kalamu iko wapi. Mwokaji akaangalia sakafu. Akamwambia. Miguu ya fundi ikasimama, pembe ikaacha kuzunguka.

"Kumbe wiki saba zote nilikuwa namtengenezea mwalimu mkuu," akasema Mama Wino, akauchukua mkate, akaunusa. "Basi mwambie aioshe kila juma kwa maji baridi, shemeji. Na akiisahau mfukoni ikamvujia kwenye shati jeupe, mimi na wewe hatujuani."